Usukani Kabla ya Leseni

Julai 2002 Safari Rally ilifanyika kwa mara ya mwisho ndani ya kalenda ya ubingwa wa dunia wa rali (WRC), kisha ikaondolewa na kukaa nje kwa karibu miaka 20. Aliyeshinda ni Mskoti Colin McRae, akiwa na Ford Focus. Wa pili alikuwa Mfini, Harri Rovanperä, akiwa na Peugeot 206. Mwaka uliotangulia pia Harri alimaliza wa pili hapa Kenya, nyuma ya Mfini mwenzake Tommi Mäkinen. Alikuwa dereva hodari, lakini katika miaka yake yote ya kushindana ngazi ya dunia alishinda raundi moja tu, ya Uswidi, mwaka 2001. Alipokuwa akipigwa na vumbi la Bonde la Ufa kwa mwaka wa pili mfululizo, kwao Ufini kulikuwa na mtoto wake wa kiume ambaye hata miaka miwili hajatimiza. Jina lake Kalle, na alizaliwa mjini Jyväskylä tarehe 1 Oktoba 2000.

Miaka 20 baadaye, Juni 2022, Kalle alisimama Naivasha kwenye ngazi ya juu ambayo baba yake aliikosa mara mbili.

Mashabiki wakisimuliwa habari hii husema maji hufuata mkondo, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi naikubali kauli hiyo nusu tu. Damu haibadilishi gia. Watoto wa madereva mashuhuri wako wengi duniani, na wengi wao hawakufika popote. Ukimfuatilia Kalle tangu utotoni, kinachojitokeza mbele ya kipaji ni saa. Ni saa nyingi mno za kushika usukani, zilizoanza mapema kuliko za karibu kila mtu aliyekuja kushindana naye, zikalindwa na watu wazima waliohangaika kutafuta mahali ambapo sheria, pesa na barabara zingemruhusu mtoto aendelee. Sisi huku tunapouliza kwa nini hatujapata bingwa wa dunia, hapo ndipo pa kuangalia.

Gari lililomfundisha lilikuwa Toyota Starlet kuukuu, la kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Darasa lilikuwa ziwa lililoganda. Ufini ina maziwa kwa maelfu, na majira ya baridi yakikolea barafu huwa nene kiasi cha kubeba gari bila wasiwasi. Humo hamna polisi wa kuuliza leseni, hamna watembea kwa miguu, hamna miti. Video ya Kalle akiwa na miaka 8, akiizungusha Starlet hiyo kwenye theluji na barafu, ilisambaa duniani kote, na bado inatazamwa hadi leo.

Inafaa kuitazama taratibu, ukiacha mshangao wa umri pembeni. Gari linaikaribia kona, na mtoto anaugeuza usukani kidogo kuelekea upande usio wa kona. Kisha anaachia mafuta ghafla na kuurudisha usukani kwenye kona. Uzito wa gari unahamia mbele, makalio yanakosa mshiko, nayo yanaanza kuzunguka kwa nje. Dereva wa kawaida hapo angekanyaga breki na kuharibu kila kitu. Kalle anafanya kinyume: mikono yake inageuza usukani kufuata upande ambao makalio yanakimbilia, mguu unarudi kwenye mafuta polepole, na gari linaipita kona likiwa limekaa mshazari, pua ikiangalia ndani, hadi barabara inaponyooka. Mikono haina papara. Anageuza usukani kabla gari halijamlazimisha.

Barafu ndiyo inayofundisha jambo hilo kwa bei nafuu. Kwenye lami, gari hupoteza mshiko likiwa kasi sana, na anayekosea hapo huenda asipate nafasi ya pili ya kujifunza. Kwenye barafu mshiko unapotea hata ukiwa mwendo wa baiskeli. Kwa hiyo mtoto anakutana na mpaka wa gari mara mia kwa siku, anauvuka, anazungushwa kama pia, anatulia, anaanza tena. Tairi hazilii, shokomzoba hazipasuki, na hakuna bili ya karakana. Saa moja ya ziwani ina makosa mengi kuliko msimu mzima wa dereva wa wikendi, na yote ni makosa yasiyoua.

Kikwazo cha kwanza kilikuja pale alipokuwa tayari kushindana kweli. Mashindano ya rali yana sehemu mbili. Kuna steji, yaani vipande vya barabara vilivyofungwa ambamo saa inahesabu, na kuna barabara za kawaida zinazounganisha steji moja na nyingine, ambako gari la mashindano linasimama kwenye taa nyekundu sawa na daladala. Kijana asiye na leseni anaweza kuwa mkali kupindukia ndani ya steji, lakini haruhusiwi kulipeleka gari mpaka mahali steji inapoanzia. Kwao Ufini, mlango ulikuwa umefungwa.

Ng'ambo ya Bahari ya Baltiki kulikuwa na mlango uliofunguka. Latvia iliruhusu kijana aendeshe ndani ya steji, mradi kwenye barabara za kawaida aendeshe mtu mwenye leseni. Basi familia ikavuka bahari. Kwenye kiti cha kulia aliwekwa msoma ramani Risto Pietiläinen, yule yule aliyekuwa akimsomea Harri noti enzi zake. Steji ikiisha, wanasimama kando ya barabara, wanabadilishana viti: mzee anashika usukani na kulipeleka gari taratibu hadi steji inayofuata, kijana amekaa pembeni kama abiria. Wakifika wanabadilishana tena, mikanda inafungwa upya, kofia ngumu zinarudi kichwani, na kijana anaondoka kwa mwendo ambao mzee hakuwa na ruhusa ya kuukaribia.

Kwa mpango huo wa kuchosha, Kalle alianza Latvia akiwa na miaka 14, na mwaka 2016, mwaka aliotimiza 16, akatwaa ubingwa wa nchi hiyo. Wenzake wa shule walikuwa bado wanasubiri kukua ili waruhusiwe kujifunza kuendesha.

Sitaki kuipita hatua hii haraka, kwa sababu wengi wanaosimulia habari zake huiruka. Ni rahisi kusema mtoto alikuwa na kipaji. Ni vigumu zaidi kukumbuka kwamba kulikuwa na mtu aliyezisoma kanuni za nchi za jirani, aliyelipia meli ya kuvusha gari, aliyepata timu ya kumwamini mtoto na gari la bei kubwa, na msoma ramani mzoefu aliyekubali kuhatarisha mwili wake pembeni ya mvulana asiye na ndevu. Toa mmoja kati ya hao, Kalle anabaki ziwani mpaka miaka 18, na leo tungekuwa tunamsimulia mtu mwingine.

Mwaka 2017 Ufini yenyewe ilimpa ruhusa maalumu ya kupata leseni akiwa na miaka 17, mwaka mmoja kabla ya umri wa kawaida. Alitimiza 17 tarehe 1 Oktoba, na kabla mwezi haujaisha alikuwa Wales, kwenye raundi yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia, akiendesha Ford Fiesta R5. Raundi iliyofuata, Australia, alishinda daraja la WRC2, lililo chini ya daraja kuu, na kumaliza wa 10 kwa jumla. Ushindani wa daraja lake huko ulikuwa mdogo, na hilo lazima lisemwe. Ila pointi ile moja ya nafasi ya 10 ilimfanya kuwa dereva mwenye umri mdogo kuliko wote kuwahi kupata pointi katika historia ya WRC.

Wakati huo kiti cha pembeni kilikuwa kimeshachukuliwa na Jonne Halttunen, aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 10, na hapa inabidi tusimame kidogo. Watazamaji wengi hudhani dereva wa rali anaendesha kwa anachokiona. Hawezi. Mbele yake kuna kilima, na ng'ambo ya kilima kuna kona ambayo akisubiri kuiona atakuwa ameshaingia msituni. Kinachomwongoza ni noti. Kabla ya mashindano, dereva na msoma ramani wake huruhusiwa kuipita kila steji mara mbili tu, kwa mwendo wa kawaida, wakiwa kwenye gari la kawaida. Dereva anaitazama barabara na kutamka: kulia nne, ndefu, usikate, mita 80, kilima, kushoto sita, jiwe ndani. Msoma ramani anaandika. Siku ya mashindano anaisoma lugha hiyo kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kona moja au mbili mbele ya gari, huku mwili unarushwa huku na kule. Akichelewa nusu sekunde, noti sahihi inageuka kuwa uongo.

Kinachoandikwa kwenye noti ni hukumu ya dereva juu ya mwendo ambao kona itaukubali. Barabara anaiona kila mtu, lakini kuihukumu kwa macho ya mara mbili, ukiwa kwenye mwendo mdogo, kisha ukaiamini hukumu hiyo ukiwa kwenye kasi mara tatu, hakufundishiki darasani. Kalle alikuwa na miaka karibu 10 ya kulinganisha alichodhani na alichofanyiwa na gari. Noti zake ziliandikwa na mtu aliyekwisha kukosea mara nyingi.

Miaka miwili na Škoda ilipita vizuri: ushindi wa raundi mbili za WRC2 mwishoni mwa 2018, kisha ubingwa wa daraja la WRC2 Pro mwaka 2019. Mwaka 2020 Toyota wakamchukua kwenye timu kubwa, akiwa na miaka 19. Raundi yake ya pili nao, Uswidi, alimaliza wa tatu. Februari 2021 alikuwa wa pili kwenye Arctic Rally, kaskazini mwa Ufini, na matokeo hayo yakamweka kileleni mwa msimamo wa dunia. Hakuna aliyewahi kuongoza msimamo huo akiwa na umri mdogo hivyo.

Kisha mambo yakamgeuka. Aprili, Kroatia, kwenye steji ya kwanza kabisa ya mashindano, kiongozi wa dunia alitoka barabarani na gari likaharibika vibaya. Ureno na Sardinia nazo hazikumpa chochote cha maana. Mwezi Juni ikaja Kenya.

Safari ilikuwa imerudi kwenye kalenda baada ya karibu miongo miwili, na haikuwa ile ya zamani. Ile iliyoanza mwaka 1953 ilikuwa safari kweli, maelfu ya kilomita kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara ambazo hazikufungwa, ambako lori na ng'ombe walikuwa sehemu ya mashindano. Ilichukua hadi 1972 kwa dereva kutoka ng'ambo, Hannu Mikkola wa Ufini, kuishinda. Kabla yake walishinda wenyeji wa Afrika Mashariki, watu kama Joginder Singh, fundi wa Nairobi, na Bert Shankland wa Tanzania aliyeshinda mara mbili mfululizo na Peugeot 404. Safari mpya ni fupi, takriban kilomita 360 za steji kuzunguka Ziwa Naivasha na Elmenteita. Hata hivyo imebaki na kitu kimoja ambacho madereva wa Ulaya hawana kwao: feshifeshi, ule udongo wa volkano uliosagika hadi ukawa vumbi zito lenye kina. Juu unaonekana tambarare. Chini yake kuna mfereji wa matairi, au jiwe, au hakuna kitu cha kushika kabisa.

Ijumaa ile ya 2021 Kalle alizama humo. Gari lilikwama, tairi zikazunguka bila kwenda mbele, na siku yake ikaishia pale. Alirudi kesho yake kwa kanuni za kuanza upya na adhabu ya muda, akamaliza wa 6. Kwa msimamo wa dunia zilikuwa pointi chache. Kwa elimu yake, naamini ilikuwa wikendi yenye faida kuliko kadhaa alizoshinda. Alikuwa amekuta mahali ambapo ustadi wa barafu ulimpa nusu ya jibu tu: barafu inakunyima mshiko lakini haikumezi. Kwenye feshifeshi anayepunguza mafuta akihofia anazama, na anayeongeza ovyo anachimba shimo. Lazima uingie na mwendo ulioubeba kutoka nyuma, usukani umenyooka, na uwe umeamua mapema utatokea wapi.

Wiki tatu baadaye alishinda Estonia, raundi yake ya kwanza ya dunia, akiwa na miaka 20 na siku 290. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Jari-Matti Latvala, aliyeshinda Uswidi mwaka 2008 akiwa na miaka 22. Latvala huyo huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa timu ya Toyota, amesimama pale pale kumpongeza. Septemba akaongeza ushindi wa Acropolis huko Ugiriki, mlima wa mawe usio na uhusiano wowote na barafu.

Halafu ukaja 2022. Magari yalikuwa mapya, ya Rally1, yenye injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme, na kila dereva alianza kujifunza upya. Kalle alishinda Uswidi. Akashinda Kroatia, pale pale alipoaibika mwaka uliotangulia, baada ya kuingia steji ya mwisho akiwa nyuma ya Ott Tänak na kutoka akiwa mbele kwa sekunde 4.3. Ushindi uliofuata, wa Ureno, kwangu ndio ulionyesha kwamba habari imekwisha. Kwenye changarawe, anayeongoza msimamo wa dunia hutangulia barabarani siku ya kwanza, na kutangulia ni adhabu. Changarawe iliyolegea haijafagiwa na mtu. Tairi zako ndizo zinazoifagia, unateleza kila kona, na walio nyuma wanapita kwenye njia safi uliyowatengenezea. Kutoka kwenye nafasi hiyo ya kufagia hadi kushinda ni jambo ambalo mabingwa wengi wamelijaribu wakashindwa. Yeye alikuwa na miaka 21.

Na Kenya? Alitangulia tena. Ijumaa alasiri steji ya Kedong iliwaumiza washindani wake kadhaa, huku yeye akijizuia. Jumamosi mvua ikashuka juu ya Sleeping Warrior, ule mlima unaofanana na moran aliyelala chali karibu na Elmenteita, na vumbi likageuka matope kwa dakika chache. Madereva wenye tairi zisizofaa kwa matope walikuwa wakitambaa. Hapo ndipo saa za ziwani zilipojibu: gari likitembea mshazari kwa mwendo mdogo kwenye kitu chenye utelezi, mguu ukiwa mwepesi juu ya mafuta, hakuna breki ya ghafla. Alitoka humo na pengo kubwa kuliko aliloingia nalo. Jumapili alishinda kwa sekunde 52.8 mbele ya Elfyn Evans, na nyuma yao wakafuata Takamoto Katsuta na Sébastien Ogier, Toyota nne kwenye nafasi nne za kwanza, jambo ambalo kampuni hiyo iliwahi kulifanya hapa hapa mwaka 1993.

Tarehe 2 Oktoba 2022, huko New Zealand, siku moja baada ya kutimiza miaka 22, akawa bingwa wa dunia. Aliyekuwa akishikilia rekodi ya bingwa mwenye umri mdogo kuliko wote, tangu 1995, ni Colin McRae, na McRae alikuwa na miaka 27. Rekodi za michezo huvunjwa kwa sekunde na kwa siku. Hii ilivunjwa kwa miaka mitano.

Jina la McRae linanirudisha nyumbani. Uswidi ile ya Februari 2022 ambayo Kalle alishinda, kwenye misitu ya Umeå, iliendeshwa pia na kijana Mkenya anayeitwa McRae Kimathi, aliyepewa jina la bingwa yule Mskoti. Baba yake, Phineas Kimathi, alikuwa dereva kabla ya kuongoza kazi ya kuirudisha Safari kwenye kalenda ya dunia. Mwaka uliotangulia McRae, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome walipewa magari ya Ford Fiesta Rally3 kukimbilia Safari. Rally3 ni daraja lililobuniwa ili kijana apate gari linalosukumwa na magurudumu yote manne bila gharama za magari ya juu. Hamza naye ni mtoto wa dereva, Azar Anwar. Kwa hiyo huo mkondo wa maji tunaousifia kwa akina Rovanperä, sisi pia tunao.

Umeå palikuwa na mashindano ya vijana wa dunia, na McRae akakaa nyuma ya usukani kwenye theluji akiwa na msoma ramani wake Mwangi Kioni. Fikiria kilichokuwa kimewatenganisha Wakenya hawa na kijana aliyekuwa akiongoza mbele yao siku ile. Ujasiri walikuwa nao, na barabara mbovu tunazo kuliko wao. Kalle alikuwa na theluji tangu hajaanza darasa la tatu. Wapinzani wa McRae katika daraja la vijana, wengi wao wa Ulaya, wanaweza kupanda gari Ijumaa jioni wakafanya mashindano nchi ya jirani Jumamosi. Dereva wa Nairobi anasubiri raundi chache za kitaifa kwa mwaka, anatafuta mdhamini kwa kila moja, na gari likipinduka mara moja msimu unakuwa umekwisha.

Mbegu ipo. Kwenye mashindano ya autocross nchini Kenya kuna madaraja ya Bambino na Pee Wee, ambamo watoto wadogo wanaendesha vigari vyao kwenye vumbi huku wazazi wameshika vichwa. Hilo ndilo ziwa letu. Ninachokitaka, na nakitaka kwa dhati, ni kwamba mtoto wa daraja hilo asikae bila usukani kati ya miaka 12 na 18, miaka ambayo ndani yake Kalle alikwenda Latvia. Shirikisho, serikali na wadhamini wakihesabu pesa za Safari kila mwaka, wahesabu pia kilomita ngapi kijana mmoja Mkenya, Mtanzania au Mganda ameendesha mwaka huo. Hata dereva Mkenya Karan Patel, aliyetwaa ubingwa wa Afrika, alifika huko kwa kuendesha raundi nyingi nje ya nchi yake. Hakukaa kusubiri Safari ifike.

Kalle alitetea ubingwa wake 2023. Mwaka huo huo alikwenda Japani kushindana kwenye drifti, mchezo wa kuteleza kwa makusudi, na akashinda mashindano yake ya kwanza huko. Mwaka 2024 aliomba apumzike na kuendesha raundi chache tu. Alizoendesha alishinda nne, mojawapo Safari ya Pasaka. Nyingine ilikuwa Poland, ambako aliitwa ghafla baada ya Ogier kupata ajali ya barabarani wakati wa kuandika noti: alifika akiwa amechelewa, akasomea video, akaingia na kushinda.

Kilichokuwa kikimkataa ni nyumbani. Rally Finland inafanyika Jyväskylä, mji aliozaliwa, kwenye barabara za msituni zenye kasi kuliko zote na vilima vinavyorusha magari hewani. Mwaka 2023 alipindua gari. Mwaka 2024 alikuwa mbele kwa mbali siku ya mwisho, jiwe likajitokeza kwenye njia yake, gari likabiringika na ushindi ukamwendea Ogier. Agosti 2025 hatimaye alishinda, na Toyota zikachukua nafasi tano za kwanza.

Miezi miwili baadaye alitangaza kwamba mwisho wa msimu ataacha rali. Alikuwa ametimiza tu miaka 25, akiwa na ubingwa mara mbili na ushindi wa raundi 18 kabla mwaka haujaisha. Ogier, aliyetwaa ubingwa wake wa 9 mwaka huo akiwa na miaka 41, alipata wa kwanza akiwa na 29. Wengi walidhani ni uchovu. Mpango alioutangaza ulikuwa wa kwenda Japani kuendesha magari ya kiti kimoja ya Super Formula, kwenye saketi za lami ambako kila mzunguko unafanana na uliopita na msoma ramani hahitajiki. Huko Ufini watu wa rali walihuzunika, na wana haki. Lakini vijana wanaotawala mbio za saketi walianza karti wakiwa na miaka sita au saba, na wamezunguka saketi maelfu ya mara kabla ya kuota ndevu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mwenye saa chache za usukani ni Kalle.